Mikorosho 16 iliyopogolewa Julai: kisa cha neno "msimu"

Kisa kimetoka wapi

Mwenye shamba amekubali kisa chake kisimuliwe, mradi jina lake, kijiji chake na nchi aliyoishi visitajwe. Basi tuseme tu ni pwani ya Mkoa wa Mtwara, kwenye mchanga mwepesi, mahali ambapo bahari huioni lakini mabati yanaliwa na chumvi yake. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa bwana shamba wa eneo hilo, na mtaona kwamba fungu la kosa ni langu.

Kisa kinahusu mikorosho, ila kilianzia kwenye mitufaha ya Ulaya.

Mama na daftari lake

Mama huyu aliondoka Mtwara akiwa binti. Akaishi miaka 24 katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya akifanya kazi ya kutunza wazee. Huko alikodi kipande cha bustani nje ya mji, kama wafanyavyo wengi wa kule wanaoishi ghorofani, na kwa miaka 15 akalima viazi na karoti na kutunza mitufaha 4 aliyoikuta pale. Si mtu wa kubahatisha. Kila mwaka aliandika: siku barafu ya mwisho ilipoanguka, siku aliyotoa miche ndani ya nyumba kuizoesha upepo, siku aliyopogoa. Aliporudi kuishi kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mama yake, daftari alirudi nalo.

Shamba lenyewe lina mikorosho 22, mindimu 5, minazi michache ya kivuli, na bustani ya mboga nyuma ya jiko. Mikorosho ilipandwa zamani kwa karibu, na matawi yalikuwa yameshikana hadi chini ya miti kukawa giza saa sita mchana. Mavuno ya mwisho kabla Mama hajarudi, kijana aliyekuwa akimwangalizia marehemu shamba alipeleka ghalani kilo 148. Si mavuno ya kujivunia kwa miti ya umri ule, lakini ni kitu.

Hapa inabidi nieleze mtufaha unavyoishi kule, maana bila hilo Mama ataonekana mjinga, na mjinga siye. Majira ya baridi kule ardhi inaganda. Mtufaha unapukutisha majani yote, unabaki fito tupu kwa miezi, na ndani yake kazi imesimama: umelala. Macho ya maua yalishaumbwa tangu majira ya joto yaliyotangulia, yamekaa kwenye vijitawi vifupi vya zamani, yamejifunga magamba yanangoja. Mkulima wa kule hupogoa mwishoni mwa baridi, Februari au Machi, macho yakiwa yameanza kuvimba lakini hayajafunguka. Akikata ncha za matawi marefu hapotezi kitu kikubwa, kwa sababu matunda mengi hayakai huko. Mti ukiamka unakuta umepunguziwa mzigo na jua linaingia hadi katikati.

Mkorosho hauna usingizi wa namna hiyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ikishakatika na ubaridi kidogo kuingia, mkorosho unatoa majani machanga mekundu-mekundu kwenye ncha za matawi ya nje, na kwenye ncha hizo hizo ndipo shada la maua linapochomoza, Juni hadi Septemba hivi. Korosho zinaanza kuokotwa kuelekea Oktoba. Maana yake Julai, mwezi ambao mtu wa kaskazini akihisi ubaridi wa asubuhi na kuona majani makavu chini atadhani mti umepumzika, ndio mwezi mkorosho una kazi kuliko yote.

Mazungumzo ya Aprili

Nilimtembelea mara ya kwanza Aprili, mvua zikiwa za mwisho mwisho. Akanikaribisha barazani, akanionyesha daftari, akaniuliza kuhusu ule msitu wake.

"Hii miti inahitaji kupunguzwa, Bwana Shamba. Hewa haipiti."

"Kweli kabisa, Mama. Ipogolewe. Ila subiri msimu uishe."

"Miti ikiwa imelala?"

"Eeh, ikishapumzika."

Tukakubaliana, nikanywa chai, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Mazungumzo yalichukua kama dakika kumi, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi aliyekaa na korosho, "msimu" hauhitaji maelezo. Msimu ni korosho. Msimu umefunguliwa maana yake minada imeanza. Msimu umeisha maana yake ghala limefungwa, fedha zimeingia au hazijaingia, watu wamerudi kulima. Nilipomwambia msimu uishe nilikuwa na maana ya Januari hadi Machi, korosho zikishaokotwa zote. Mama, aliyekosa misimu 24 ya namna hiyo, alisikia msimu wa joto na mvua uishe, baridi iingie, miti ilale. Na neno la baridi alikuwa nalo tangu shule ya msingi: kipupwe. Vitabu vyetu vya shule vimezoea kuchora majira manne ya Ulaya na kuliweka neno kipupwe chini ya picha ya theluji. Mamlaka ya hali ya hewa nayo hutoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Neno ni lile lile. Kule kipupwe kinaua mche usiku mmoja. Huku kinamfanya mtu atafute sweta saa 12 asubuhi na kulivua saa 3.

Kilichotokea Julai

Juni Mama akawa anaangalia miti kila asubuhi. Kusi limeanza kuvuma, mvua hakuna, majani mazee yanadondoka, majirani wamevaa makoti. Kila dalili ilisoma vizuri kwenye daftari lake. Wiki ya pili ya Julai akanunua msumeno, akaazima ngazi, akamwita kijana wa kazi.

Kijana yule amezaliwa kwenye mikorosho. Aliniambia baadaye kwamba alipopanda mti wa kwanza aliona ncha nyekundu, na nyingine zimeshaanza kutoa vishada vidogo vya kijani. Akashuka.

"Mama, si kama inaanza kutoa hii?"

"Ndiyo maana tuwahi, mwanangu, kabla hayajafunguka."

Mtu anayejua mitufaha ataelewa kwamba jibu hilo ni sahihi kabisa, kwa mtufaha. Jicho lililovimba ndilo kengele ya kupogoa. Kijana hakujua mitufaha. Alijua tu kwamba mwenye mali amesema, tena mtu mzima, tena ametoka Ulaya. Akapanda tena.

Walikata siku nne. Matawi ya chini yanayogusa ardhi, yanayopishana, yaliyokufa: hayo yalistahili kuondoka. Lakini Mama alikuwa na desturi ya kufupisha ncha pande zote ili mti uwe na umbo, na hapo ndipo mavuno yalipoangukia chini. Mti wa kumi na sita ulipokwisha, ikaja simu kutoka Newala: mpwa wa kijana yule anatolewa jandoni, na mjomba ni lazima awepo. Kwa kwetu hilo halijadiliwi. Akaondoka, miti 6 ikabaki bila kuguswa.

Kabla hajaondoka, Mama alimwagiza apake chokaa mashina na matawi makubwa yaliyobaki wazi. Mimi nilipita njia hiyo mwishoni mwa Julai nikizungukia mashamba kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, nikaona kwa mbali nguzo nyeupe zimepangwa shambani. Nilidhani wanajenga.

Maamuzi, na sababu zake

Nilipojua kwamba zile nguzo ni mikorosho iliyokatwa, ikabidi tuamue la kufanya. La kwanza lilikuwa rahisi: miti 6 isiguswe hadi korosho ziokotwe. Mama hakubishana. Alikaa kwenye gogo, nikamchumia shada moja kutoka mti ambao haujakatwa nikamwonyesha maua madogo yenye mistari ya waridi, na pale yalipokaa, nchani kabisa mwa tawi la mwaka huu. Akalitazama, akatazama rundo la matawi yaliyokauka pembeni ya uzio, na kila tawi lina ncha yake. Hakusema kitu kwa muda.

La pili lilikuwa gumu. Mkorosho uliokatwa vile haukai kimya. Agosti machipukizi yakafumuka kwenye kila kisiki, mengine thelathini mahali pamoja, laini, yenye majani machanga. Ubwiriunga ni ukungu unaopenda kitu kichanga: majani mapya, maua, korosho changa. Na miezi hii ya ubaridi wenye umande ndiyo saa yake. Mvua kubwa humwosha, kipupwe humlea. Ukichukua chipukizi lililoshikwa, jani limejikunja na juu yake kuna unga wa kijivu-cheupe. Ukilisugua kwa kidole unga unabaki kidoleni kama umetoka kwenye gunia la sembe, na chini yake jani ni kahawia. Ua lililoshikwa halifunguki. Linakauka jeusi na shada lake.

Miti 16 ikawa kitalu cha ubwiriunga, na upepo wa kusi ukawa unaupeleka kwa jirani. Mzee wa upande wa pili, ambaye alikuwa ameshapuliza dawa duru mbili kwa fedha yake, alikuja akasimama nje ya uzio.

"Dada, karibu nyumbani. Lakini unanifugia ugonjwa."

Tulikuwa na njia tatu. Kuyaacha machipukizi yote, mti ujipange wenyewe: jirani angeumia, na tungepata matawi yaliyosongamana kuliko mwanzo. Kuyakata yote: mti uliokwisha kupoteza matawi ungelazimika kuanza tena kwa akiba iliyobaki kwenye shina, na mashina yangepigwa jua. Au kuchagua. Tulichagua: kwenye kila kisiki yaliachwa machipukizi mawili au matatu yanayoelekea nje, mengine yakang'olewa kwa mkono yakiwa bado laini, yakazikwa. Kisha salfa ya unga, kiasi cha robo kilo kwa mti mkubwa kwa duru, ingawa kwa miti iliyopunguzwa vile tulitumia pungufu, tukarudia baada ya wiki mbili hadi tatu. Kazi ilianza saa 11 alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani unga ushike, na kusi halijaamka. Nililazimisha barakoa na miwani. Vijana wengi huku hupuliza wamefunga fulana puani, halafu wanashinda wanakohoa na macho yamewaiva.

Kupuliza miti isiyo na maua kulionekana kwa kijana wa kazi kama kumwaga fedha. Hoja yangu ilikuwa kwamba machipukizi hayo ndiyo matawi ya mwaka ujao, na kwamba ujirani nao una gharama yake.

La tatu nalisema kwa aibu kidogo kwa sababu niliona na nikapita. Mama alikuwa amerundika nyasi kavu kwenye mashina ya mindimu, zimegusa gome, kama alivyokuwa akifunika mizizi kule ardhi ikishaganda ili isigande na kuyeyuka mara kwa mara na kuisukuma mimea juu. Matandazo ni mazuri hata huku, yanatunza unyevu wa mchanga usio na shukrani. Ila huku kuna mchwa. Nilikusudia kumwambia siku nyingine.

Matokeo

Msimu ule (wa korosho) miti 6 iliyosalimika ilitoa kilo 41. Miti 16 iliyopogolewa ilitoa kilo 19 kwa jumla, nyingi kutoka matawi machache ya juu ambayo ngazi haikuyafikia. Ukichukua wastani wa mwaka uliotangulia, Mama alipoteza kama kilo 90. Alikuwa amepanga kuezeka chumba cha nje kwa fedha hiyo. Chumba kilikaa na turubai mwaka mzima.

Mindimu 2 kati ya 5 ilikufa. Tulipofukua nyasi, gome lilikuwa limeliwa kuzunguka shina zima, udongo wa mchwa umepanda kama soksi. Mingine 3 tulisogeza nyasi shubiri moja kutoka shinani, ikaendelea.

Ubwiriunga kwa jirani ulipungua baada ya duru ya pili, ingawa na yeye alikuwa akipuliza, kwa hiyo siwezi kuchukua sifa peke yangu.

Mwaka uliofuata miti 16 ilitoa kilo 97 na ile 6 ikatoa 44. Kwa mti mmoja mmoja, iliyokatwa ilikuwa bado nyuma: kilo 6 kwa 7 na kitu. Lakini ilikuwa na umbo, ilipita hewa, na kijana alisema kuokota chini yake kumekuwa rahisi kwa sababu anaona anapokanyaga. Miti ile 6 ilipogolewa Februari, baada ya mavuno, ncha zikaachwa.

Uchambuzi

Niliwahi kusimulia kisa hiki kwa wenzangu wakacheka: mtu wa Ulaya kapogoa Julai. Mimi nadhani kinachekesha kidogo kuliko wanavyodhani. Kanuni aliyokuja nayo Mama ilikuwa sahihi, nayo ni kwamba mti hukatwa ukiwa umemaliza kazi moja na haujaanza nyingine. Alichokosa ni dalili ya kwetu. Kule dalili ni baridi na fito tupu. Huku baridi haina habari yoyote kuhusu mapumziko ya mkorosho. Dalili ni korosho ya mwisho kuokotwa. Ningemwambia "ukishaokota ya mwisho, kabla majani mapya hayajaanza," asingekosea, hata kama hajakanyaga Mtwara kwa miaka 50.

Badala yake nilimpa neno. Na aliponirudishia la kwake, "ikiwa imelala," sikuuliza unaujuaje mti uliolala. Swali hilo lingemaliza kila kitu pale barazani. Angenieleza habari ya majani kupukutika na mimi ningeshtuka. Sikuliuliza kwa kuwa niliona daftari zuri na mtu msomi, nikadhani tunajua mambo yale yale. Kwa mkulima asiyejua kusoma ningechora na kurudia mara tatu.

Kijana alijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kilo 90. Alisema mara moja, akajibiwa kwa hoja yenye uhakika, akanyamaza. Sikuwahi kumshirikisha kwenye mazungumzo ya Aprili. Alikuwa anapalilia mihogo hatua ishirini kutoka tulipokaa. Sasa nikienda shamba lenye mfanyakazi naomba aitwe, na namuuliza yeye kwanza mti huu unatoa lini.

Upande wa yaliyofaa, chokaa ndicho kilichonishangaza. Kule hupakwa ili jua la baridi lisipashe gome lililoganda upande mmoja na kulipasua usiku linapoganda tena. Huku hakuna cha kuganda, lakini mkorosho uliovuliwa kivuli ghafla unaungua gome, unatoa utomvu, na wadudu wanaotoboa shina wanapata mlango. Mashina yale meupe yalipita kiangazi bila kuungua. Mama alifanya jambo sahihi kwa sababu ya nchi nyingine. Miaka yote nilipoelekeza watu kufufua mikorosho mizee sikuwahi kufikiria chokaa. Siku hizi nakitaja.

Daftari nalo lilitusaidia kuliko kumbukumbu yangu. Bila hesabu yake ya kila mti tusingeweza kulinganisha iliyokatwa na isiyokatwa. Lakini ulinganisho huo usichukuliwe kama jaribio la watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho. Miti ile 6 iko pembeni mwa shamba, upande wa mashariki, inapata jua zaidi; labda ingezaa zaidi hata kama msumeno usingekuja.

Kufupisha ncha sikubaliani nako wakati wowote kwa mkorosho unaozaa, hata Februari. Ukikata ndani na chini, unaacha uso wa nje wa mti, inatosha. Na ile kazi ndogo ya kung'oa machipukizi ya ndani mwishoni mwa Mei, kabla maua hayajaanza, ambayo watu wengi huiacha kwa kuwa mikono iko kwenye mbaazi na ufuta, ndiyo inayopunguza mbegu ya ubwiriunga kabla hujanunua kilo moja ya salfa.

Mtufaha

Jambo moja halijaisha. Mwaka ule ule Mama aliagiza miche 2 ya mtufaha kutoka Njombe, ambako, kama Makete, usiku una baridi ya kutosha mti upumzike. Aina nyingi za tufaha zinataka mamia ya saa za ubaridi wa chini ya nyuzi 7 hivi ndipo macho yafunguke pamoja. Mtwara kipimajoto hakikaribii huko hata usiku wa Julai. Nilimweleza. Akasema anajua, amesoma zaidi yangu kuhusu hilo, lakini anataka kuona.

Mmoja ulikufa. Wa pili uko kwenye ndoo kubwa pembeni ya baraza, una majani ya mwaka jana yaliyokataa kudondoka na majani mapya kwenye ncha moja tu, matawi mengine yamekaa macho yamefumba. Mara ya mwisho nilipopita nilimkuta Mama akiyang'oa majani mazee kwa mkono, moja moja, ili mti udhani baridi imekuja. Ni mbinu inayotumika kweli mahali pasipo na baridi, mti ukiwa wa aina inayoridhika na ubaridi kidogo. Kama huo wake ni wa aina hiyo, aliyemuuzia hakumwambia.

"Msimu wa nini huu, Mama?" nikamtania.

"Wa kwangu," akasema, akaendelea kung'oa.